Kizibo Kwenye b5

Kuna watu wakicheza chesi humwandama mfalme wa mwenzao kana kwamba wanamdai kodi ya pango. Malkia anatoka mapema, farasi wanaruka ovyo, na kila mara unasikia "Cheki!" hadi muuza kahawa anageuka. Mimi simo. Mfalme wa mwenzangu akijificha kulia, mimi naelekea kushoto, upande ambao hakuna mfalme, hakuna hatari wala hakuna mtazamaji. Huko nina askari wawili, wa a na wa b. Yeye anao watatu: wa a, wa b na wa c. Namtuma wa b awaendee wale watatu mguu mmoja mmoja, b4 kisha b5, wa a akibaki nyuma kama akiba, na akifika wanagongana. Vumbi likitulia, sijala mtu wa bure na sijamtisha yeyote. Nilichopata ni kwamba askari wake mmoja amebaki pale c6, hana askari mwenzake wa kumlinda, mbele hapiti, na mstari wa c aliosimama uko wazi kwa ngome zangu. Basi. Furaha yangu yote ndiyo hiyo.

Wataalamu huliita shambulio la wachache. Wahenga walisema wengi wape, na huenda mtu akaona tunawakosea adabu. Lakini wahenga walikuwa na mambo mengine ya kuangalia, hawakukaa kuchunguza c6.

Taabu ya mpango huu ni kwamba ushindi wake hauhadithiki. Aliyemfunga mwenzake chekimeti kwa malkia na farasi ana cha kusimulia hadi Idi. Mimi nikirudi nyumbani mazungumzo huwa hivi:

"Leo umeshinda?" mama watoto anauliza.

"Hatukumaliza. Ila nimemwachia udhaifu kwenye c6."

"Umemwachia nini?"

"Udhaifu."

"Na yeye kakuachia nini?"

"Kaniachia kahawa yake niilipie."

Anaendelea kukuna nazi. Najua anachofikiri, na sina namna ya kumpinga, maana ubao wenyewe sijaja nao.

Mpango wenyewe una ukoo wa heshima. Mpangilio wa askari unaoufaa unaitwa Carlsbad, jina la zamani la mji wa chemchemi za maji moto ambao leo uko Jamhuri ya Cheki na huitwa Karlovy Vary. Watu walikuwa wanakwenda huko kunywa maji yenye chumvichumvi kwa ajili ya matumbo yao, na katikati ya kunywa huko yakafanyika mashindano makubwa ya chesi: 1907, 1911, 1923 na 1929, yale ya mwisho yakichukuliwa na Aron Nimzowitsch. Kwangu hii inaeleweka kabisa. Shambulio la namna hii lingepewa jina la mahali gani tena, kama si pale watu walipokaa kwenye mabenchi wakisubiri dawa ifike tumboni?

Halafu kuna 1927, Buenos Aires, José Raúl Capablanca akitetea ubingwa wa dunia mbele ya Alexander Alekhine. Walicheza michezo 34, na katika 32 walianza kwa njia ile ile ya kumkatalia mweupe askari wa c, njia ambayo kwayo mpangilio wa Carlsbad hupatikana. Michezo 25 ikaisha sare. Alekhine akashinda sita, Capablanca mitatu, na ubingwa ukahama baada ya zaidi ya miezi miwili. Kijiweni kwetu wangerushiwa kashata tangu wiki ya kwanza. Vasily Smyslov alimkamua Paul Keres kwa wachache hao hao katika mashindano ya ubingwa wa dunia ya 1948. Alexander Kotov akamfanyia Luděk Pachman Venice 1950. Na mwaka huo huo, kwenye olimpiadi ya chesi ya Dubrovnik, Larry Evans wa Marekani, kijana wa miaka 18, akampeleka Opsahl wa Norway njia ile ile hadi mwisho. Michezo hiyo bado inafundishwa. Ukiipitia unaona jinsi mtu mzima mwenye akili timamu anavyoweza kuteswa na askari mmoja mdogo asiyekwenda popote.

Ila hao walichezea kumbini, watu kimya, saa mezani. Mimi nachezea kijiweni Magomeni.

Hapo kijiweni mfalme ni drafti. Ubao umechorwa kwenye kipande cha mbao, kete ni vizibo vya soda, upande mmoja vimetazama juu, upande wa pili vimegeuzwa. Chesi ililetwa na mtoto wa darasa la sita aliyezawadiwa na mjomba wake. Akitoka shule hutuazima, akienda madrasa huichukua. Katika kuhamahama huko askari mmoja mweupe alipotea. Pengo likazibwa na kizibo, na kwa makubaliano ambayo mimi sikushirikishwa, kizibo huwekwa b2. Sababu yao ni kwamba askari wa b hana kazi.

Yaani katika mabwana wote wa ule ubao, aliyepotea ndiye niliyemtegemea mimi.

Mpinzani wangu wa kila siku ni fundi cherehani mwenye kibanda jirani, tunamwita Fundi. Fundi ni bingwa wa drafti, na katika drafti kula ni lazima. Ukiona cha kula ukaacha, unaadhibiwa. Mikono yake ilishazoea sheria hiyo kabla macho hayajaona ubao wa chesi, kwa hiyo ukiweka kitu mbele yake anakula. Ni Mwislamu safi, huwa anamwambia askofu "samahani baba" kisha anamla. Sasa, mpango wangu unaanza kwa mimi kumsogeza askari wa d, naye akamsogeza wa kwake, halafu namtoa wa c hadi c4 kama chambo. Mpinzani anatakiwa akatae. Asimle. Alinde kwa e6, mimi nije nimle mwenyewe d5, alipize kwa askari wa e, na Carlsbad ipatikane.

Fundi alikula. Kesho yake akala. Kila nilipoweka c4 mkono wake ulikuwa umeshafika kabla sijaondoa wangu. Mpango wa watu wa Venice na Dubrovnik ukawa unakufa kwenye hatua ya pili kwa sababu mtu mmoja wa Magomeni ana njaa. Nilimweleza kwa upole kwamba katika chesi kula si lazima.

"Najua," akasema. "Lakini umeniwekea."

Nikakimbilia kwenye simu. Kwenye programu za chesi mtu wa mbali anakataa chambo kama ilivyoandikwa, anaweka farasi mahali pake, anajenga c6, raha tupu. Tatizo nachezea ndani ya daladala. Siku moja natoka Kariakoo, nimesimama, nimebanwa kwapani mwa mtu, ngome yangu iko b1, askari yuko tayari kwenda b4. Nainua kidole. Konda akanigongea sarafu karibu na sikio, "Nauli, kaka!", dereva akakanyaga breki, na kidole kikamchukua malkia kikampeleka mahali ambapo hata mtoto asingempeleka. Abiria aliyekaa, ambaye nilidhani amelala, akaangalia simu yangu kwa huruma.

"Pole, kaka. Mimi pale nilikuwa naona farasi."

Konda naye akataka kuona. Kufika Magomeni daladala nzima ilikuwa inajua kwamba nimempoteza malkia, na mama mmoja mwenye kapu la nyanya akaniambia Mungu atanipa mwingine.

Mkombozi alikuwa mpwa wa Fundi, mwanafunzi aliyekuja likizo na kumpitisha mjomba wake kwenye video za mafunzo. Akamwambia, anko, c4 usile. Weka e6. Fundi ni mtu wa kupokea elimu, na akipokea anapokea yote. Kuanzia siku ile hakula tena. Si c4 tu, hakula chochote isipokuwa kulipiza. Unaweza kumwekea farasi mezani akakutazama kama mtu anayekataa rushwa.

Ndipo hatimaye, Jumamosi moja alasiri, Carlsbad ikatua Magomeni. Askari wa d wamekabiliana, wangu wa c na wake wa e wametoka, mfalme wangu kulia, wake kulia, askofu wangu ametulia d3, malkia c2, na yeye mwenyewe kwa hiari yake akaweka c6. Nikahisi joto masikioni. Nikachukua ngome ya a, nikaisogeza b1, nyuma ya kizibo.

"Sasa hiyo ndiyo nini?" akauliza kijana wa bodaboda.

"Maandalizi."

"Ya nini? Mfalme wake si yuko kule?"

Muuza kahawa akasema labda naogopa. Mwalimu mstaafu, ambaye hukaa upande wangu wa kushoto, alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mstari wa b kwa makini makubwa, nikajipa moyo kwamba walau mmoja anaelewa. Baadaye alikoroma.

Niseme ukweli kuhusu mpango huu, maana vitabu vinaupamba: mpinzani hakai bure. Wakati wewe unatembeza askari wako shambani, yeye ana wakati wa kumfuata mfalme wako. Farasi wake anaingia e4, ngome ya e8 inapanda e6 na kuhamia h6, malkia anasogea, na hapo ndipo unajua kwamba c6 ni mbali sana na h2. Kuna njia za busara zaidi za kuzuia: kuweka a6 ili kuchelewesha, au kumpeleka farasi d6 hadi c4 azibe mstari wote, jambo ambalo linaniudhi kuliko kushindwa. Fundi hakuzijua hizo. Alijua h6. Ngome yake ikaenda h6 kama gari la zimamoto, na kijiwe kizima kikahama benchi kufuata upande ule. Mimi nikabaki na Mwalimu.

Nikacheza b4. Kimya. Nikacheza b5.

Hapa lazima nisimame kidogo, kwa sababu mtu asiyecheza hawezi kujua b5 ni nini. Askari wangu sasa anamgusa c6. Fundi akimla, askari wake wa d5 anabaki yatima katikati ya ubao. Akisogeza c5 kukimbia, namla kwa askari wa d, na d5 anabaki yatima vilevile. Akiacha, namla mimi, analipiza, na ninaye c6 wangu. Hana jibu lisilomwachia jeraha. Ni kuchagua tu liwe wapi. Watu walikaa Ulaya miaka mingi wakinywa maji machungu ili mimi nipate mkao huo, na aliyekuwa amesimama pale b5 kwa niaba yao wote alikuwa kizibo cha soda ya machungwa.

Wazee wa drafti waliporudisha macho upande wangu waliona kitu kimoja tu.

"Kula!" wakapiga kelele. "Fundi, kula! Kakuwekea!"

"Sili," akasema Fundi.

"Utaadhibiwa!"

"Hii si drafti. Sili."

Wakati wanabishana, kijana wa bodaboda akanyoosha mkono, akakichukua kizibo changu kutoka b5, akakigeuza na kuanza kukikwangua kwa kucha.

"We! Unafanya nini?"

"Kwani hamkuangalia chini? Kuna promosheni. Watu wanashinda pikipiki."

Sikumbuki nilisema nini, ila Mwalimu aliamka. Kijana akasoma kwa sauti: "Jaribu tena." Akakirudisha mezani kwa masikitiko. Alikirudisha kwenye b5, hilo nampa. Lakini alikiweka kichwa chini.

Sasa, pale kwetu kizibo kikigeuzwa wakati mchezo unaendelea, kimekuwa kingi. Na kingi katika drafti haendi hatua moja moja. Kingi anafagia mstari mzima, mbele na nyuma.

"Kafungua kingi!" akasema muuza kahawa, akaacha birika.

"Hajafungua kingi," akasema mwingine. "Kageuzwa, maana yake ni wa Fundi. Vilivyogeuzwa ni vya Fundi."

"Vya Fundi kwenye drafti. Hapa ni chesi."

"Kwenye chesi askari akifika mwisho si anakuwa malkia? Basi huyu kafika."

"Kafika wapi? Yuko b5!"

Nikajaribu kueleza kwamba askari hubadilika akifika safu ya mwisho tu. Nikaambiwa nisiwe mwamuzi kwenye kesi yangu. Fundi, ambaye kimya chake kilikuwa kinaniogopesha, akakitazama kizibo muda mrefu kisha akatoa hoja ya kisheria: katika chesi, ukigusa umecheza. Kizibo kimeguswa. Kwa hiyo zamu yangu imekwisha.

"Hakukigusa yeye, kaguswa na bodaboda," akasema Mwalimu, na kwa sentensi hiyo nimemsamehe mikoromo yote.

"Basi bodaboda kacheza," akasema Fundi. "Na ni zamu yangu."

Ilikuwa kweli ni zamu yake. Ilikuwa zamu yake tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekuwa nimetoka kucheza b5. Tulikuwa tumegombana bure kabisa, lakini kahawa iliagizwa mara nyingine na kila mtu alionekana ameridhika na mjadala. Nikakigeuza kizibo kitazame juu. Muuza kahawa akanionya kwamba najishusha cheo mwenyewe.

Fundi hakula. Akasogeza malkia kuelekea h4, na wote wakasema "Aaah," kwa sauti ile ya watu wanaoona basi linaondoka na wewe hujapanda. Nikala c6 kwa kizibo. Hapo alilazimika: akamla kizibo kwa askari wake wa b, akakitupa pembeni ya benchi, na mpango wa wachache ukawa umetimia. Wao walikuwa wanatazama h2.

Kilichofuata hakikuwa kizuri kukitazama. Nilikuwa na farasi wawili; mmoja nikamrudisha f1 amlinde mfalme, akakaa pale kama askari kanzu nje ya benki, na h2 ikashika. Kila walipoona Fundi anarudi nyuma kidogo walidhani anajipanga upya. Alikuwa anarudi kulinda c6. Malkia akaacha h4 akaenda d7. Ngome ya h6, ile iliyokuja kunitisha, ikawa inamlinda c6 kwa mbali kupitia safu nzima, haiwezi kuondoka pale wala kufanya kitu kingine. Mwenzake wa pili nilishambadilisha. Mimi nikaweka ngome c1, malkia wangu c2 mbele yake, na farasi wa pili akazunguka a4, c5, b3, hadi a5, taratibu, mguu baada ya mguu, huku kijana wa bodaboda akiniuliza kama huyo farasi ana kichaa.

Hesabuni: farasi wa a5, malkia wa c2, ngome ya c1. Watatu wanamtazama c6. Wanaomlinda ni wawili, malkia na ngome. Askari yule alikuwa wangu. Nilikuwa nakwenda kumla kwa farasi kwenye zamu inayofuata, na baada ya hapo a7 yupo peke yake, na baada ya hapo mtu hata asiyejua chesi angeona. Nilikunywa kahawa yangu kwanza. Mambo ya namna hii hayaji kila siku.

"Shikamooni," ikasikika sauti nyuma yetu.

Alikuwa mtoto wa darasa la sita, kofia kichwani, begi la madrasa mgongoni.

"Marahaba, mwanangu. Subiri dakika moja tu," nikasema.

"Ustadhi anafunga mlango."

"Hatua moja!"

"Jana pia mlisema hivyo, babu."

Mimi sijafika umri wa babu, lakini sikupata nafasi ya kulisemea hilo, kwa sababu alikuwa ameshafungua begi na kuwafagia wote kwa mkono mmoja, wafalme, maaskofu, farasi wangu wa a5, kama mtu anayekusanya karanga. Ubao akaukunja kwapani. Kizibo akakiacha kwenye benchi. Kizibo si chake. Akasema ahsanteni, akaondoka mbio.

Kijiwe kikageukia suala la nani ameshinda, kwa sababu aliyeshindwa analipia kahawa. Muuza kahawa, ambaye ndiye mwenye maslahi, akachukua jukumu la kuamua. Akauliza kila mtu ameliwa wangapi. Tukahesabu. Sawa kwa sawa.

"Basi sare. Kila mtu alipe yake."

"Sare vipi?" nikasema. "Hivi mnaona, au hamuoni? Nilikuwa na c6!"

Fundi akanywa tone la mwisho, akatikisa kikombe.

"C6 gani, ndugu yangu? Mtoto si kaondoka nayo."